Nani Aliandika Hii Orodha? Kazi ya Mbunge Róisín Shortall wa Ayalandi



Tukisema «depite» hapa kwetu, wengi wanaona picha moja: mtu wa gari kubwa, anafika karibu na uchaguzi, anagawa chumvi, sabuni na vitenge, halafu anapotea miaka mitano. Njo maana ukimuuliza kijana mwenye lisansi kazi ya mbunge ni nini, mara nyingi atakujibu: «Kutuletea kitu.»

Leo ninataka tuangalie mbunge mmoja wa mbali, wa Ayalandi, ile nchi tunayoita Irlande kwa Kifaransa. Jina lake ni Róisín Shortall. Sitamwelezea juu alipeleka kitu kwao. Nitamwelezea juu ya orodha moja iliyomfanya aache cheo, na mpango mmoja aliousukuma mpaka vyama vinavyopingana vikakaa meza moja.

Shortall alizaliwa Dublin mwaka wa 1954. Kazi yake ya kwanza ilikuwa ualimu, alikuwa anafundisha watoto viziwi. Mwaka wa 1992 alichaguliwa mara ya kwanza katika Dáil, ile chumba cha bunge kinachochaguliwa na raia moja kwa moja, kwa jimbo la Dublin North-West. Alikaa humo miaka 32, mpaka 2024 alipoacha kugombea. Tuelewane jambo moja: kule, mbunge akiitwa serikalini habadilishi kiti na msaidizi wake kama kwetu. Anakuwa waziri na anabaki mbunge wa watu wake. Hiyo ina uzuri wake, lakini ina hatari yake pia, na tutaiona.

Kwanza tuone afya inatembea namna gani kule. Wengi tunafikiri Ulaya nzima matibabu ni bure. Hapana. Ayalandi, mtu mwenye kipato kidogo anapewa kadi ya matibabu na haliipi daktari. Asiye na kadi anaweza kulipa yuro 50 ao zaidi kila akienda kumwona daktari wa mtaa. Karibu nusu ya raia wananunua bima ya binafsi, na si juu wanapenda kutumia franga. Ni juu mwenye bima anapita mbele haraka, asiye nayo anangoja. Kwa hiyo kuna milango mbili kwa ugonjwa mmoja. Kati ya nchi za Ulaya ya magharibi, Ayalandi ilibaki nyuma kabisa katika kumpa kila raia daktari wa mtaa bila malipo.

Hiyo haikuanza jana. Mwaka wa 1948 daktari mmoja kijana, Noël Browne, aliingia bungeni, na siku hiyo hiyo akafanywa waziri wa afya. Kifua kikuu kilikuwa kimeua baba yake na mama yake. Alipigana na ugonjwa huo, akaongeza vitanda kwa wagonjwa wake, na kisha akaleta mpango wa kutibu bure akina mama na watoto wote mpaka miaka 16, bila kuuliza nani tajiri, nani masikini. Madaktari walikataa, waliogopa kupoteza kipato na uhuru wao. Maaskofu wa Kikatoliki pia walikataa, walisema afya ya watoto na mafundisho ya akina mama ni haki ya familia, haiko kazi ya leta. Wenzake serikalini wakamwacha peke yake. Aprili 1951 Browne aliacha uwaziri, na akatoa barua zote kwa magazeti ili raia wasome wenyewe nani alisema nini. Mpango ule ukafa. Nchi ikabaki na milango mbili.

Sasa turudi kwa Shortall. Mwaka wa 2011 chama chake cha Labour kiliingia serikalini pamoja na Fine Gael, na yeye akawa waziri mdogo kwenye wizara ya afya, akipewa kazi ya huduma za msingi. Maana yake: vituo vya mtaa ambako daktari, muuguzi na wahudumu wengine wanafanya kazi fasi moja, ili mtu asikimbilie hospitali kubwa kwa kila homa. Vituo vipya vilikuwa vinatakiwa kujengwa, lakini nchi ilikuwa kwenye kirizi kali ya uchumi. Haikuwezekana kujenga kila mahali. Basi swali likawa: tuanze wapi?

Shortall alitaka waanze na vigezo. Umasikini wa mtaa ulikuwa mmoja wa vigezo hivyo, juu mtaa masikini unaugua zaidi na una madaktari wachache. Orodha ikawa na fasi 20. Lakini mwaka wa 2012, wakati wa kuitangaza, ikatoka na fasi 35. Kati ya zile zilizoongezwa na waziri mkubwa, James Reilly, mbili zilikuwa katika jimbo lake mwenyewe la uchaguzi: Swords na Balbriggan. Reilly alijitetea, alisema kuna vigezo vingine vilivyotumika, kama mambo ya viwanja na utayari wa madaktari. Shortall alisema vigezo hivyo havikueleweka, na hakuona mkubwa wa chama chake akimsaidia. Tarehe 26 Septemba 2012 aliacha uwaziri na akatoka pia katika kundi la wabunge wa Labour.

Muelewe uzito wake. Hakuna aliyeiba sanduku la franga. Hakuna aliyefungwa. Ilikuwa orodha tu, karatasi. Lakini yeye aliona kwamba orodha ikibadilika bila sababu inayoweza kusomwa na kila mtu, basi mgonjwa wa mtaa masikini ameshapoteza zamu yake bila hata kujua.

Mimi ni mtu wa agronomia, na hapa ninaelewa vizuri sana. Wakati wa staji nilikuwa katika mradi mmoja wa kugawa mbegu za mahindi na maharage. Tulikuwa tumezunguka vijiji, tumepima mashamba, tumeandika majina ya wajane na ya familia zilizorudi kutoka ukimbizi. Siku ya kugawa, karatasi iliyosomwa haikuwa ile yetu. Majina mengine yalikuwa ya watu ambao hata jembe hawana. Mama mmoja aliniuliza: «Mwanangu, si ulikuja kwangu ukaniandika?» Sikuwa na jibu la kumpa, juu hakuna aliyekuwa tayari kuniambia orodha ilibadilishwa na nani na kwa kigezo gani. Mbegu zilikuwepo, magari yalikuwepo. Kilichokosekana ni kigezo kilichobandikwa ukutani.

Kuacha cheo ni kitu kimoja. Swali ni: baada ya hapo unafanya nini? Wengi wanaacha, wanakasirika, wanafanya mikutano ya kutukana, halafu basi. Shortall alibaki mbunge huru. Julai 2015, yeye pamoja na Catherine Murphy na Stephen Donnelly walianzisha chama kidogo, Social Democrats. Uchaguzi wa 2016 kilipata viti vitatu tu, kati ya viti 158. Kwa hesabu ya nguvu, hiyo ni kama haiko kitu.

Lakini serikali ya mwaka ule haikuwa na wingi wa viti, na Shortall aliitumia nafasi hiyo vizuri. Alilishawishi bunge kuunda kamati ya vyama vyote ili kuandika mpango wa afya wa miaka kumi. Sababu yake ni rahisi: kila waziri mpya anafika na mpango wake, anang'oa ule wa mwenzake, na mgonjwa anabaki pale pale. Ni kama kahawa. Haiwezi kuzaa kama kila msimu mtu mpya anang'oa miche ya mtangulizi wake ili apande yake.

Kamati ilianza kazi katikati ya 2016, Shortall akiwa mwenyekiti. Watafiti wa chuo kikuu cha Trinity College Dublin waliwasaidia kuchambua mambo. (Wenye lisansi, muweke alama hapo: mpango huo haukuandikwa na wanasiasa peke yao.) Mei 2017 ripoti ikatoka, na mpango ukaitwa Sláintecare. «Sláinte» kwa lugha ya Kiayalandi ni afya.

Ndani yake kulikuwa nini? Matibabu yatolewe kwa kuangalia ugonjwa, si mfuko wa mtu. Daktari wa mtaa awe bure kwa wote, hatua kwa hatua. Wagonjwa wa kulipa watolewe kidogo kidogo katika hospitali za leta. Muda wa kungoja uandikwe kwa tarakimu: wiki 12 kwa kulazwa ao upasuaji, wiki 10 kwa kumwona daktari bingwa, siku 10 kwa vipimo. Na budje iliandikwa pia: yuro miliari 3 za kuanzisha mabadiliko katika miaka sita ya kwanza, na gharama za kila mwaka zingepanda mpaka karibu yuro miliari 2.8 zaidi kufikia mwaka wa kumi. Ahadi yenye tarehe na bei inaweza kukaguliwa. Ahadi isiyo nayo ni bongo tu, hata ikisemwa kwa sauti nzuri.

Je, ilitimia? Kwa sehemu. Mgonjwa aliyelazwa hospitali ya leta bila kadi alikuwa analipa yuro 80 kwa siku, mpaka 800 kwa mwaka. Malipo hayo yalifutwa kwa watoto chini ya miaka 16 mwaka wa 2022, na kwa watu wote Aprili 2023. Daktari wa mtaa alikuwa bure kwa watoto chini ya miaka 6 tangu 2015, na mwaka wa 2023 wakaongezwa wa miaka 6 na 7. Mwaka huo huo ukaletwa mkataba mpya wa madaktari bingwa wa kutibu wagonjwa wa leta peke yao ndani ya hospitali za leta.

Lakini mengi yamechelewa. Septemba 2021 watu wawili waliokuwa mbele katika kusukuma mpango huo, Laura Magahy na Tom Keane, walijiuzulu. Foleni bado ni ndefu, na kuna wagonjwa wanaolala kwenye machela za magurudumu katika koridoo. Kamati ya bunge inaweza kuandika, kuuliza na kusumbua. Anayetekeleza ni serikali.

Ugonjwa huo huo wa milango mbili unaonekana katika malezi ya watoto wadogo. Tangu Januari 2010 leta ya Ayalandi inalipia mtoto shule ya chekechea masaa matatu kwa siku, kwanza kwa mwaka mmoja, na tangu 2018 kwa miaka miwili kamili. Tangu Novemba 2019 kuna mpango mwingine wa kusaidia wazazi kulipa saa za kulelewa kwa mtoto, ulioletwa chini ya waziri Katherine Zappone, naye pia alikuwa mbunge wakati huo. Lakini sehemu kubwa ya hizo nyumba za kulea watoto ni za watu binafsi. Leta inalipa, mwenye nyumba anaendesha, na mahali pasipo nafasi mama anaacha kazi. Chama cha Shortall kilidai kwamba malezi yaendeshwe kama shule za msingi, yaani huduma ya wote.

Wandugu, sikuandika haya ili tusifu Ulaya. Munaona wenyewe kwamba kule pia waziri anaweza kukumbuka jimbo lake, na mpango mzuri unaweza kuchelewa. Nimeandika juu wengi wetu kesho tutakaa kwenye meza ambako orodha zinaandikwa: za wagonjwa, za mbegu, za bourse, za ajira. Wengine watagombea. Wengine watakuwa wale watafiti wa kufanya hesabu.

Basi mtu akitangaza kituo cha afya kipya mtaani kwenu, pigeni makofi kama munataka, halafu mumuulize: vigezo viliandikwa wapi? Nani aliongeza majina, na lini? Franga zitatoka budje ya mwaka gani? Kama anakasirika kabla ya kujibu, mujue orodha hiyo imeshapita usiku.