Lori la Haidrojeni: Mlima Ndio Huamua Ukubwa wa Betri

Serikali ya Kitaifa ilizindua mkakati wa haidrojeni ya kijani mnamo Septemba 2023. Umeme wa mvuke wa Olkaria unazalishwa humu Kaunti ya Nakuru, kwa hiyo ni vyema wakazi wajue mapema jinsi magari yanayotumia gesi hiyo yanavyofanya kazi, kabla ya kuombwa maoni kuyahusu.

Jambo linalowachanganya wengi ni kwamba gari hilo lina betri pia.

Seli za haidrojeni ni kama jenereta. Huunganisha haidrojeni ya kwenye tangi na oksijeni ya hewani, zikatoa umeme na maji. Lakini hazipendi kushtuliwa. Dereva akikanyaga eksileta, akaachilia, kisha akakanyaga tena, seli huchakaa mapema, nazo ni ghali kwa kuwa ndani yake mna platini. Wala haziwezi kupokea umeme unaozalishwa na mota gari linapopunguza mwendo. Kazi hizo mbili huachiwa betri.

Betri iwe kubwa kiasi gani? Toyota Mirai iliyotoka 2020 ina seli za kilowati 128 na betri ya yuniti 1.24 pekee (yuniti hizi ni zilezile za tokeni ya stima). Lori la Hyundai Xcient, lililoanza kazi Uswisi mwaka huohuo, sasa lina seli za kilowati 180, mota ya kilowati 350 na betri ya yuniti 72. Mota ikihitaji nguvu zote, kilowati 170 lazima zitoke kwenye betri. Kwa hesabu ya karatasi, betri iliyojaa ingeisha kwa dakika 25 hivi.

Mteremko nao una hesabu yake. Lori la tani 20 likishuka kimo cha mita 500 huachilia nishati ya takriban yuniti 27. Hata ikiokolewa nusu tu, betri inahitaji nafasi ya yuniti 13. Ikiwa imejaa tayari kileleni, nishati hiyo huishia kuwa joto kwenye breki, na wanaopita barabara ya Mai Mahiu wanaijua harufu yake.

Ndiyo maana kompyuta ya gari ina kazi kubwa kuliko inavyodhaniwa. Kwenye tambarare huacha seli zizalishe umeme kwa utulivu. Ikiwa na ramani, hujaza betri kabla ya mlima na kuipunguza kabla ya mteremko. Kuongeza betri tu si dawa: uzito wake hupunguza mzigo unaobebwa.

Kuna pia suala la hewa. Mji wa Nakuru uko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi. Pampu ya hewa ya seli hula umeme zaidi ili kupata oksijeni ileile, hivyo nguvu halisi inaweza kuwa chini ya iliyoandikwa na mtengenezaji. Pengo hilo pia hujazwa na betri.