Idi Ndani ya Jahazi Ugenini

Sisi wa Tarasaa tumeuzoea Mto Tana, lakini pale Kipini unapomwaga maji baharini ndipo ilipopita njia ya majahazi ya Lamu, Kismayu na Mukalla. Chombo kikivuja ugenini, mabaharia hawakupanga nyumba. Walipika na kulala humo humo, wakingoja bamvua. Maji hayo makubwa hukipandisha chombo ufukweni. Yakipwa, mkuku huonekana, mafundi wakakalafati kwa pamba na kupaka deheni ya shahamu na chokaa.

Bamvua nayo huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na Idi al-Fitri ni Shawwal mosi. Basi sikukuu iliangukia siku zile zile za kazi! Zikipotea, hungojwa wiki mbili. Na ikiwa ni mwezi wa Machi, kaskazi ya kuwarejesha nyumbani yaweza kukatika.

Kwa madhehebu ya Imamu Shafi, swala ya Idi ni sunna hata kwa msafiri aliye peke yake. Baba alitoa zakatul-fitri huko huko, akaswali, kisha akashika nyundo. Huku nyumbani, kanzu mpya ya mtoto ilivaliwa asiione.