Rili ya bei nafuu: Kagua breki kabla ya kuhesabu beringi

MVUVI wa burudani aliyezoea mshipi wa mkono au rili ya kawaida hatimaye huvutiwa na ile rili ndogo, nzito kidogo, ambayo hukaa juu ya ufito na kudhibitiwa kwa kidole gumba. Wauzaji huiita beitikasta. Hudunduliza pesa, akainunua ya bei ya chini kabisa, akaenda nayo ufuoni. Akitupa chambo mara ya tatu au ya nne, mshipi humtatana ndani ya rili mithili ya kiota cha ndege. Kisu hutolewa, mita 30 za mshipi hukatwa na kutupwa, na kabla ya jua kutua rili imekwisha kurudishwa mfukoni isitazamwe tena.

Aghalabu lawama huelekezwa kwa bei. Hata hivyo, zipo rili za bei ya chini zinazofanya kazi yake vyema kwa miaka mingi, na zipo nyingine za bei hiyo hiyo ambazo hazifai hata kwa siku moja. Tofauti baina yake haionekani katika maandishi makubwa yaliyochapishwa kwenye kisanduku.

Kuelewa tofauti hiyo kwahitaji kwanza kuelewa jinsi rili hii inavyofanya kazi. Katika rili ya kawaida, ile ya spini inayoning'inia chini ya ufito, kijipipa chenye mshipi hakizunguki wakati wa kutupa. Mshipi huchomoka tu kwenye ukingo wake. Katika beitikasta, kijipipa chenyewe huzunguka kwa kasi kubwa, kikivutwa na uzito wa chambo kinachoruka hewani.

Tatizo ni kwamba chambo hupunguza mwendo kwa sababu ya ukinzani wa hewa, ilhali kijipipa hakina habari hiyo. Kinaendelea kuzunguka kwa kasi ya awali, kikitoa mshipi ambao hauna tena anayeuvuta. Mshipi huo wa ziada hufura, hujiviringa na kutatana. Hatari huwa kubwa mara tu chambo kinapoanza kuruka, kinapokumbana na upepo, na hasa kinapogusa maji ghafla huku kijipipa kikiwa bado mbioni.

Kwa hivyo beitikasta hutegemea mambo mawili: breki zake na kidole gumba cha mwenyewe. Kidole hufundishika bila malipo. Breki hununuliwa, na hapo ndipo fedha za mnunuzi zinapaswa kwenda.

Rili hizi zina asili ya Marekani. Mapema katika karne ya 19, fundi wa saa aitwaye George Snyder wa mji wa Paris, jimboni Kentucky, alitengeneza rili yenye gia iliyozungusha kijipipa mara kadhaa kila mkono ulipozungushwa mara moja. Mnamo 1952 kampuni ya Abu ya Uswidi, ambayo nayo ilianza kwa kutengeneza saa na mita za teksi, ilitoa rili yake maarufu ya Ambassadeur. Si ajabu kwamba mafundi wa saa ndio waliotangulia, maadamu kazi hii yote ni ya gia ndogo na vyuma vinavyozunguka bila kutikisika.

Samaki aliyeipa rili hii umaarufu nchini Marekani ni besi mwenye mdomo mpana. Samaki huyo huyo aliletwa katika Ziwa Naivasha mnamo 1929, na ndiyo sababu mvuvi wa Kenya anayesimama kando ya matete ya ziwa hilo ana haki ya kuitamani. Beitikasta humwezesha kutupa chambo bandia kizito mahali palepale anapopataka, kwenye mwanya mdogo kati ya magugu, na kumvuta samaki kwa nguvu kabla hajajificha humo. Katika mikono ya bahari kama vile Mtwapa na Kilifi, ambako tewa hukimbilia miambani na mzia hukata mshipi kwa meno, mvuto huo wa moja kwa moja una manufaa pia.

Lakini kuna mahali haifai, na muuzaji hatasema. Mwenye kutupa chambo chepesi cha gramu tatu au nne atapata taabu tupu, kwani kijipipa cha rili ya bei ya chini huwa kizito, na chambo chepesi hakina nguvu ya kukianzisha. Vijipipa vyembamba na vyepesi vinavyoweza kazi hiyo ndivyo hupandisha bei. Kwa rili ya bei nafuu, chambo cha gramu 10 hadi 20 ndicho cha kufanyia kazi. Chini ya hapo, rili ya spini ya bei hiyo hiyo itamfaa mvuvi zaidi.

Vilevile, haifai kwa mvuvi wa mbuta wakubwa wa Ziwa Victoria au Turkana, ambao huweza kupita kilo 100, wala kwa wanaokwenda kina kirefu Watamu na Malindi kuwinda nduaro na jodari. Huko hutumika rili kubwa za aina nyingine kabisa.

Iwapo mnunuzi ameridhika kwamba hii ndiyo rili anayoihitaji, swali la kwanza dukani halihusu bei wala jina. Ni mkono upi? Rili ya spini huweza kuhamishiwa mkono wake wa kuzungushia kutoka upande mmoja hadi mwingine, lakini beitikasta haihamishiki. Iliyotengenezwa kwa mkono wa kulia itabaki hivyo daima. Wengi wanaotumia mkono wa kulia hutupa kwa mkono huo, kisha hulazimika kubadilisha mikono ili kuzungusha. Wengine hupendelea rili ya kushoto ili ufito usiondoke mkononi. Hakuna lililo kosa kati ya hayo mawili, ila kukosea wakati wa kuagiza ni hasara isiyo na dawa.

Baada ya hapo ndipo breki zichunguzwe. Kuna aina mbili kuu. Ya kwanza hutumia sumaku zinazopunguza mzunguko wa kijipipa bila kukigusa, na hurekebishwa kwa kitufe cha nje chenye tarakimu. Ya pili ina vijiti vidogo ambavyo husukumwa nje kijipipa kinapokwenda kasi na kusugua ukingo wa ndani. Aina hii hukaza sana mwanzoni mwa kutupa na kulegea baadaye, hivyo huruhusu chambo kufika mbali. Kasoro yake ni kwamba katika rili nyingi za bei ya chini sharti kifuniko cha ubavuni kifunguliwe ndipo virekebishwe, na kijiti kikidondoka mchangani ndio mwisho wake.

Kwa anayeanza, sumaku ni nafuu. Jaribio lake ni rahisi na halihitaji maji. Kitufe cha kuachilia mshipi kibonyezwe, sumaku ziwekwe kwenye sifuri, na kijipipa kizungushwe kwa kidole. Kisha sumaku ziwekwe kwenye tarakimu ya juu na kijipipa kizungushwe tena. Kama tofauti ya muda wa kusimama haionekani waziwazi, basi kile kitufe ni pambo. Rili hiyo irudishwe rafuni, hata kama inang'aa namna gani.

Kitu cha pili ni klachi, ile sehemu inayoachia mshipi kidogo kidogo samaki anapovuta ili usikatike. Hukazwa kwa gurudumu lenye umbo la nyota karibu na mkono wa kuzungushia. Watengenezaji hupenda kuandika kilo nyingi: nane, kumi, hata zaidi. Idadi hiyo haimsaidii mvuvi ambaye mshipi wake hukatika kwenye kilo sita. Anachohitaji ni ulaini. Klachi ikazwe nusu, kisha mshipi uvutwe kwa mkono. Ukitoka kwa mwendo mmoja, ni njema. Ukikwama, ukaruka, ukakwama tena, basi kila mruko ni nafasi ya samaki kukata mshipi au kutoka kwenye ndoana. Klachi zenye visahani vya kaboni kwa kawaida hustahimili joto na maji kuliko zenye visahani vya kitambaa.

Sasa beringi. Hapa ndipo wanunuzi wengi hupumbazwa. Rili ya bei ya chini yenye maandishi ya beringi 11 au 12 huonekana bora kuliko yenye nne au tano, na watengenezaji wanalijua hilo fika. Ukweli ni kwamba beringi mbili zinazoshikilia kijipipa ndizo hufanya kazi kubwa wakati wa kutupa. Nyingine kadhaa huweza kutiwa katika vishikio vya mkono wa kuzungushia, mahali ambapo hazimfikishi mvuvi popote. Beringi nne zilizotengenezwa vizuri hushinda 12 za ovyo. Tena katika maji ya chumvi, kila beringi ya ziada isiyo na kinga ni sehemu nyingine ya kushika kutu.

Umbo la rili hutengenezwa kwa alumini au kwa plastiki iliyoimarishwa kwa nyuzi za kaboni. Plastiki ni nyepesi na haishiki kutu, ila hupinda kidogo mzigo unapozidi, na gia zikipoteza ulinganifu huanza kulalamika na kuliwa. Kwa besi wa Naivasha inatosha. Kwa tewa wa miambani, alumini ni ya kuaminika zaidi, mradi rangi yake isichubuke na kuiachia chumvi njia. Njia ya kukagua ni kushika rili kwa mikono miwili na kujaribu kuikunja taratibu. Ikitoa mlio, jibu limepatikana.

Kuhusu gia, mnunuzi ataona tarakimu kama 5.4:1, 6.3:1 au 7.2:1. Maana yake ni mara ngapi kijipipa huzunguka kila mkono unapozungushwa mara moja. Kijipipa chenye kipenyo cha milimita 33 kikiwa kimejaa, kwa gia ya 6.3, hurudisha takriban sentimita 65 za mshipi kwa mzunguko mmoja. Gia ya chini ina nguvu zaidi ya kuvuta chambo kizito, ya juu ina kasi. Anayenunua rili moja tu achukue ya katikati, aendelee na mengine.

Bei nazo? Katika soko la kimataifa, rili za ngazi ya kwanza zenye kutegemeka huuzwa kati ya dola 50 na 100 za Marekani, yaani takriban Sh6,500 hadi Sh13,000 kabla ya gharama za usafirishaji na ushuru. Gharama hizo mbili zaweza kufanya rili iliyoonekana rahisi mtandaoni ipite bei ya dukani, ambako angalau mtu huishika kwanza. Jingine la kuulizia ni vipuri. Rili isiyopatikana hata beringi ya badala, siku ikiharibika huwa ni uzito wa kuzamishia nyavu.

Kuna pia njia ya mtumba, ambayo haistahili kudharauliwa. Rili za zamani za mviringo, zikiwemo zile Ambassadeur, zina muundo sahili ambao fundi mvumilivu huweza kuufungua, kuusafisha na kuurudisha. Mnunuzi azungushe mkono polepole na kusikiliza. Mkwaruzo mdogo wa mafuta makavu hutibika. Mkwaruzo unaojirudia mahali palepale kila mzunguko ni jino la gia lililovunjika, na hapo aage kwa heshima.

Bajeti yote isiishie kwenye rili. Ufito wa beitikasta una pete zinazotazama juu na kidoko cha kukamatia kidole, hivyo ule wa spini hautafaa. Mshipi wa kwanza uwe wa nailoni, wa unene wa milimita 0.35 hivi. Ule wa kusuka ni imara lakini ghali, na huzama katikati ya mikunjo yake wenyewe. Kwa kuwa mwanafunzi atakata mshipi mwingi, ni heri akate ule wa bei rahisi. Aidha, leseni ya uvuvi wa burudani iwe mfukoni kabla ya kutoka nyumbani.

Siku ya kwanza, chambo kifungwe na ufito uinuliwe. Kitufe kikibonyezwa, chambo kiteremke polepole, na kijipipa kisimame mara chambo kinapogusa ardhi. Kikiendelea kuzunguka, kirungu cha pembeni cha kukazia kijipipa kikazwe kidogo. Breki za sumaku zianzie karibu na tarakimu ya juu, zishushwe hatua moja moja kadiri gumba linavyozoea, na kuongezwa tena upepo unapovuma usoni.

Wapo wavuvi ambao, kabla ya mazoezi, hutupa mara moja kadiri wawezavyo, huvuta mita chache zaidi, kisha hubandika kipande cha utepe wa gundi juu ya mshipi uliosalia kwenye kijipipa. Mshipi ukitatana, hauwezi kupita hapo. Mazoezi hayo hufanywa uwanjani au kwenye nyasi, chambo kikiwa hakina ndoana, na nusu saa kila jioni kwa juma moja hutosha kuleta tofauti.

Baada ya kuvua baharini, rili ioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, yakimiminwa taratibu. Maji ya kasi kutoka kwenye bomba husukuma chumvi ndani badala ya kuitoa. Ikishakauka, tone moja la mafuta mepesi liwekwe kwenye kila beringi ya kijipipa, grisi kidogo kwenye gia, na ile nyota ya klachi ilegezwe kabisa kabla rili haijawekwa kabatini, ili visahani vyake visigandamane.