BARAFU INAYOWAKA MOTO

Nikikuambia kuna barafu inayowaka moto, usinicheke. Ipo. Jina lake haidreti. Ni maji yaliyoganda huku yameifungia gesi ndani, na mara nyingi gesi yenyewe ni methani. Methani si mgeni mtaani. Pale Kibera, vyoo vya jamii vilivyojengwa na Umande Trust pamoja na vikundi vya wakaazi huizalisha kutokana na kinyesi, nayo hutumiwa kupikia.

Sasa utauliza, mbona haigandi na maji hapa kwetu? Joto letu ni jingi na shinikizo ni dogo. Hata maji yakipoa hadi nyuzi 4 za Selsiasi, methani huhitaji shinikizo karibu mara 40 ya lile la hewa. Hali hiyo hupatikana vilindini mwa bahari baridi, kuanzia mita 400 hivi kwenda chini.

Ndani ya haidreti, molekuli za maji hushikana mikono zikajenga vizimba. Kizimba kidogo kina molekuli 20 za maji na pande 12, kila upande una pembe tano. Katikati hukaa methani, kama kuku. Fungu moja linalojirudia lina vizimba 8 na molekuli 46 za maji. Mtu wa Kawangware hatasahau: ndiyo nambari ya matatu yake!

Lakini kizimba cha kwanza huzaliwaje? Hapo hadubini hushindwa, maana ni kidogo mno na mambo hutendeka upesi mno. Ndipo kompyuta huitwa. Fikiria soko la Toi siku ya Jumamosi. Ukijua kila mtu yuko wapi, anaelekea wapi na anasukumwa na nani, waweza kukisia atakanyaga wapi hatua ijayo. Kompyuta huzifanyia molekuli hesabu iyo hiyo, tena na tena. Kuiga sehemu moja tu ya milioni ya sekunde huhitaji hatua kama milioni 500. Haba na haba hujaza kibaba.

Mwaka wa 2009 watafiti wa Colorado School of Mines, Marekani, walieleza jinsi haidreti ilivyozaliwa yenyewe ndani ya kompyuta. Kumbe haianzi kwa mpango nadhifu! Methani chache hukaribiana, maji huzizunguka, na vizimba vya maumbo tofauti huchanganyika.

Yatuhusu nini? Haidreti huziba mabomba. Mwaka wa 2010, kisima cha Macondo kilipovuja katika Ghuba ya Meksiko, ziliziba kifuniko kilichoteremshwa kuyanasa mafuta. Na mbele ya pwani ya kusini ya Tanzania, gesi imegunduliwa mahali penye kina cha zaidi ya mita 1000 za maji. Mhandisi atakayeileta ufukoni sharti aielewe barafu hii.

Mbona mhandisi huyo asitoke Kibera au Kawangware? Programu ya GROMACS hutolewa bure, na kompyuta ya kawaida huweza kuiga molekuli elfu chache. Basi tusiikimbie fizikia ati ni ngumu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame!