Moteri yetu isipotee usiku: namna ya kulinda boti za koperative



Kwetu kando ya Ziwa Tanganyika, kutoka Uvira mpaka Baraka na Kalemie, boti ndiyo barabara. Inabeba mihogo, mawese na samaki mpaka sokoni, zaidi wakati wa mvua wakati magari yanakwama. Kwa hiyo koperative nyingi zimechanga makuta, ao zimekopa, ili zinunue boti na moteri. Na kila mara tunapotembelea vijiji na kuuliza watu shida zao, kuko neno moja linarudi: wizi.

Mara nyingi mwizi hatafuti boti. Boti ni kubwa, na watu wa bandari wanaitambua. Anatafuta moteri. Ile ya farasi 15 iko na uzito wa kilo 35 mpaka 40 hivi. Kijana mmoja anaiweka begani na kwenda. Ile ya farasi 40 inapita kilo 70, lakini watu wawili wanaiweza. Tena ziwa letu linagusa inchi nne: Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia. Kuivusha mpaka usiku si kazi kubwa.

Moteri iliyoonekana lakini haikurudi

Koperative moja ilifunga moteri yake kwa mnyororo na kadena kubwa, wakafikiri inatosha. Ilikuwa wiki ya mbalamwezi. Munajua ndakala wanavuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mwezi ukiwaka wavuvi wanapumzika, na bandari inabaki bila watu. Wezi hawakugusa hata kadena. Walikata kwa msumeno ule ubao wa nyuma ambao moteri inakaa juu yake, wakaondoka na moteri, mnyororo na kadena pamoja. Asubuhi mwenye zamu akasema: "Mimi nilifikiri ni zamu ya mwenzangu."

Kisha wiki chache, mwanamemba mmoja akaiona ile moteri kwenye bandari ingine. Aliitambua sababu kifuniko chake kilikuwa na ufa ambao yeye mwenyewe aliuziba. Komite ikaenda kwa wakubwa. Wakaulizwa: "Fakitire iko wapi? Nambari ya moteri ni ngapi?" Fakitire ilikuwa imepotea, na nambari hakuna mtu aliyeiandika. Mwenye kuwa nayo akasema ameinunua kwa makuta yake. Wakarudi mikono mitupu. Deni wanaendelea kulilipa, na wamama wanaouza samaki wanalipa nafasi kwenye boti za watu wengine.

Tulijifunza mambo mawili hapo. Kadena inachelewesha mwizi tu. Na mali bila alama, hata ukiiona kwa macho, ni vigumu kuirudisha.

Mambo ya kufanya

1. Andikeni nambari leo. Kwa kawaida iko kwenye kibao kidogo, juu ya kile chuma kinachoshika ubao wa boti. Iandikeni katika kaye ya koperative, pamoja na aina ya moteri na tarehe ya kununua. Pigeni picha kwa simu. Nakala za fakitire zikae katika nyumba mbili tofauti. Kwa kuwa kibao kinaweza kung'olewa, fundi apige herufi za koperative kwenye chuma, mahali pawili, pamoja na pamoja pa siri. Tena muandike jina kwa rangi kubwa juu ya kifuniko. Mwizi anaogopa mali ambayo ni vigumu kuuza.

2. Moteri ilale nyumbani. Boti ikifika, iacheni moteri imesimama mpaka maji yatoke, kisha watu wawili waibebe. Ile nzito isiyoweza kutolewa kila siku ifungwe kwa bulo ndefu zinazopita katika ubao, na vile viskurubu viwili vya kushikia vifungwe pamoja kwa kadena. Mnyororo upite katika mbavu za boti, usizunguke ubao wa nyuma peke yake. Tanki, mpira wa esansi na ile kamba ya kuzimia moteri viende nyumbani. Lakini esansi isilale jikoni wala karibu na taa ya moto.

3. Zamu iwe na jina. Kulinda "sisi wote" ni sawa na kutolinda. Kuwe kaye ya zamu: mwenye kupokea anaandika saa, anahesabu moteri, anatia sahihi, mwenye kuacha naye vilevile. Wiki ya mbalamwezi na usiku wa sikukuu muongeze mtu. Na mlinzi alipwe. Mfano: koperative iko na boti tatu, kila moja inafanya safari mbili kwa wiki. Kila safari ikitoa franka 5 000, kwa wiki nne mutapata franka 120 000. Mlipwaji asiyepata kitu atalala, ao atatafuta mahali pengine pa kula.

4. Tusinunue cha wizi. Elisi ao karburateri ya bei ya chini sana, bila fakitire, ilitoka kwenye boti ya mtu. Ukiinunua leo, kesho watakuja kuchukua yako.

Wizi ukitokea

Msingoje mkutano. Saa ileile tumeni nambari na picha kwa koperative jirani, kwa chefu wa kijiji, kwa polisi na kwa mafundi wa moteri, juu mara nyingi moteri ya wizi inapitia kwa fundi. Ombeni karatasi iliyoandikwa ya kwamba mumeshitaki. Bila hiyo, siku mutakayoiona hamutakuwa na mahali pa kuanzia.

Tunaomba jambo moja kwa nguvu: tusimpige mtu kwa kushuku tu. Moteri inaweza kununuliwa tena. Mtu aliyekufa kwa kosa ambalo hakufanya harudi, na kijiji kinabaki na kisasi. Vilevile, wenye silaha wakiwakuta ziwani, waacheni wachukue. Rudini nyumbani muko wazima.

Maswali kwa mkutano wenu

Nani hapa anajua nambari ya moteri yetu bila kwenda kutazama? Fakitire iko kwa nani? Usiku wa leo, zamu ni ya nani, na jina lake limeandikwa wapi?

Kama kuko swali hata moja halina jibu, lijibiwe kabla watu hawajatawanyika.