Ulimi wa Mtangazaji Usimtangulie Farasi

Wahenga walinena kwamba heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Methali hii nimeifundisha darasani kwa miaka mingi, nikaieleza maana yake ya nje na ya ndani, na nikasahihisha insha zisizo na idadi zilizotungwa juu yake. Hata hivyo, sina budi kukiri kwamba sikuielewa barabara hadi siku nilipoketi mbele ya kipaza sauti ughaibuni, katika mashindano ya kimataifa ya upandaji farasi, maelfu ya watu wakinisikiliza.

Labda msomaji atauliza: mwalimu wa Kiswahili alitafuta nini katika uwanja wa farasi nchini Ujerumani? Swali hilo ni la haki. Nilikuwa masomoni huko, nao waandalizi walihitaji mtu wa kutangaza kwa Kiingereza akisaidiana na mwenzake wa Kijerumani. Mimi nilikuwa nimekwisha kutangaza kandanda na riadha katika michezo ya shule zetu, na tangu utotoni nilitamani kuwa kama Leonard Mambo Mbotela, mtangazaji aliyefariki mwezi wa Februari 2025, ambaye sauti yake ilimwezesha msikilizaji aliye mashambani kuuona mpira unaochezwa Nairobi. Nikajiambia kwamba aliyeweza kutangaza kandanda hashindwi na farasi. Kumbe nilikuwa nimepotoka!

Mtangazaji wa kandanda redioni huogopa kimya. Akinyamaza kwa nukta tatu, msikilizaji hudhani redio imeharibika. Mtangazaji wa farasi uwanjani huogopa maneno. Watazamaji wana macho yao wenyewe, na farasi ana masikio yageukayo kila upande kutafuta sauti. Neno moja lililotamkwa kwa kishindo wakati farasi anakikaribia kiunzi laweza kumgutusha, naye mpandaji akajikuta mchangani. Kwa hiyo kazi ya kwanza niliyofunzwa haikuwa kusema, bali kunyamaza.

Mambo huenda hivi. Farasi anapoingia uwanjani katika mashindano ya kuruka viunzi, mtangazaji hutaja jina la mpandaji, nchi yake na jina la farasi. Pengine huongeza jina la mwenye farasi na la baba aliyemzaa huyo farasi, maana ukoo wa mnyama una uzito mkubwa kwao. Kengele ya waamuzi ikilia, mpandaji ana nukta 45 za kuanza safari yake. Hapo mtangazaji hufumba kinywa. Viunzi vyenyewe, katika mashindano makubwa, hufikia kimo cha sentimita 160, yaani karibu kimo cha mtu mzima. Farasi akiangusha ufito, hutozwa alama nne za makosa. Akikataa kuruka, nne vilevile. Mpandaji akianguka, huondolewa. Wale wasiokosa hurudi kushindana upya kwa kasi. Farasi akishavuka mstari wa mwisho ndipo mtangazaji hufungua kinywa kutaja makosa na muda.

Katika mchezo wa dresaji kimya huzidi. Uwanja wake una urefu wa mita 60 na upana wa mita 20, na waamuzi hupima kila hatua kwa alama kuanzia sufuri hadi 10. Nilipowatazama farasi wale, nilikumbuka utajiri wa lugha yetu. Waswahili wa pwani, ambao kwa karne nyingi wameishi na punda na kuwajua farasi, wana telki, wana matiti, wana shoti. Kila mwendo wa mnyama una jina lake. Ni wanafunzi wangapi leo wayajuao maneno hayo?

Aidha, kuna mbio za nyikani, ambapo farasi huruka magogo, mitaro na maji. Huko farasi kadhaa huwa njiani kwa wakati mmoja, kila mmoja ameanza dakika chache baada ya mwenzake. Mtangazaji hawaoni wote. Hutegemea taarifa za waamuzi wanaosimama kwenye kila kiunzi, wakizipeleka kwa simu za upepo. Asipozipanga vyema taarifa hizo kichwani, atamtangaza aliyeanguka kuwa amepita, na aliyepita kuwa ameanguka.

Fauka ya hayo, lipo suala la majina. Jina la mtu ni heshima yake, nalo hutamkwa kama wenyewe walitamkavyo. Katika Michezo ya Olimpiki ya mwaka 2024, mashindano ya farasi yalifanyiwa Versailles, Ufaransa, na medali zote tatu za dhahabu za mpandaji binafsi zilichukuliwa na Wajerumani: Michael Jung, Jessica von Bredow-Werndl na Christian Kukuk. Mswahili hana taabu na Kukuk, lakini akilisoma jina la Jung kwa herufi zetu atakuwa amemwita mtu mwingine, kwani Wajerumani hulitamka Yung. Kila jioni nilikwenda mazizini na orodha yangu mkononi, nikiwauliza watunza farasi majina ya kesho. Niliona haya nilipowakumbuka wanafunzi wangu ambao kwa muhula mzima niliwaita kwa majina niliyoyavunjavunja, nao kwa adabu wakaitika.

Kiingereza nacho kilinitega mahali nisipotarajia. Sisi tukisema "amefika", yatosha. Mwingereza hudai kujua kama aliyefika ni mwanamume au mwanamke, na katika mchezo huu wanawake na wanaume hushindana pamoja. Haikuwa hivyo sikuzote: ni mwaka 1952 tu, kule Helsinki, ambapo wanawake walikubaliwa kushiriki dresaji ya Olimpiki. Mwaka huohuo Lis Hartel wa Denmark, aliyekuwa amepooza miguu kuanzia magotini kwa ugonjwa wa polio na ambaye hakuweza kupanda wala kushuka farasi bila kusaidiwa, alipata medali ya fedha.

Niliulizwa mara nyingi kwa nini Waafrika ni wachache katika mashindano yale. Gharama ni sababu mojawapo, lakini ipo nyingine. Kusini mwa Sahara kuna maradhi ya farasi yanayoenezwa na visubi, yanayoua kwa wingi, na kwa sababu yake farasi atokaye kwetu huwekewa masharti makali ya karantini. Karantini si jambo dogo katika mchezo huu. Mwaka 1956 Olimpiki ilifanyika Melbourne, lakini kwa sababu ya sheria za Australia za kuzuia magonjwa ya wanyama, mashindano ya farasi yalipelekwa Stockholm, Uswidi.

Sasa nifikie siku niliyojikwaa. Ilikuwa alasiri ya siku ya pili. Msichana mmoja, mdogo kuliko washindani wengi, alikuwa ameruka viunzi vyote bila kosa, na uwanja mzima ulikuwa umeshika pumzi. Akaruka kiunzi cha mwisho. Nilimwona farasi akitua, nami nikashindwa kujizuia. "Hakuna kosa!" nikatangaza kwa sauti ya kandanda.

Msomaji, fito zile hazifungwi. Hulazwa tu juu ya vikombe vya chuma visivyo na kina, ili zikiguswa ziweze kuanguka. Kwato ya nyuma ilikuwa imeugusa ufito wa juu. Ulitikisika, ukasita, na kabla farasi hajaufikia mstari wa mwisho, ukaanguka. Makofi yaliyokuwa yameanza yakageuka kuwa mguno. Msichana, aliyekuwa amekwisha kuinua mkono kwa furaha, aligeuka nyuma, akauona ufito mchangani, akaushusha mkono wake.

Ni kweli kwamba si maneno yangu yaliyoangusha ufito. Makosa manne yalikuwa yake na ya farasi wake. Lakini furaha ile niliyompa kisha ikanyang'anywa mbele ya umati, hiyo ilikuwa deni langu. Nilisahihisha tangazo, nikaomba radhi, na baadaye nikamfuata mazizini kumwomba radhi ana kwa ana. Alinijibu kwa upole kuwa hata yeye aliamini amepita. Mwenzangu wa Kijerumani, mzee aliyeifanya kazi ile kwa miaka mingi, hakunikaripia. Aliniambia tu kwamba mtangazaji hana haki ya kufika kabla ya farasi.

Siku iliyofuata farasi alianguka pamoja na mpandaji wake. Farasi aliinuka, mtu hakuinuka. Madaktari wakakimbia, na skrini zikazungushwa ili asitazamwe. Maelfu ya nyuso ziligeuka kutazama kibanda chetu, zikidai neno. Ulimi uliniwasha. Ningeweza kusema kwamba yu salama, ili niwatulize. Ningeweza kukisia mengine. Nilisema tu kwamba mashindano yamesimama kwa muda, nikawaomba watulie. Tukakaa kimya kwa dakika zilizoonekana kama mwaka, hadi daktari alipotuletea habari kwamba mpandaji ana fahamu zake na anazungumza. Ndipo nikatangaza. Makofi ya siku ile sitayasahau.

Ndugu walimu, nasi pia tumekabidhiwa vipaza sauti. Mara ngapi tumemwambia mzazi kuwa mwanawe amefaulu kabla ya kuikagua karatasi yenyewe? Mara ngapi tumemtangaza mtoto kuwa mwizi gwarideni, kisha kitu kilichopotea kikapatikana alasiri? Nanyi wanafunzi, mara ngapi mmesambaza kwa simu habari ya kifo cha mtu ambaye wakati huo alikuwa akila chakula chake cha mchana? Anayesambaza uvumi husema kuwa atasahihisha baadaye. Lakini yule aliyekwisha kuangua kilio, machozi yake yatarudishwa vipi?

Nimerudi darasani sasa. Mwisho wa muhula uliopita nilisimama mbele ya gwaride kusoma matokeo, na nilipofika kwenye jina la mwanafunzi mmoja niliona alama zisizolingana na bidii yake. Niliikunja karatasi. Niliwaambia watoto kwamba matokeo ya darasa lile yatasomwa kesho, wakanung'unika. Jioni tulijumlisha upya na mwenzangu, tukakuta kosa la hesabu. Asubuhi nililisoma jina lake polepole, kama alitamkavyo mama yake.