Kuchoma Filamu Katika DVD

Fungueni madaftari, shikeni kalamu.

Tuseme binti yako ameolewa hapa Kabanga, wilayani Ngara. Harusi imepigwa video kwa simu. Shangazi yake anakaa ng'ambo ya mpaka, Burundi, na hakuweza kuja. Nyumbani ana televisheni na deki ya zamani. Unamchomea DVD na kumpelekea. Anaitia katika deki, deki inakataa. Je, DVD ni mbovu? Huenda ni nzima kabisa. Tatizo ni muundo wa faili.

Muundo ni nini? Ni namna picha na sauti zilivyofungwa ndani ya faili. Ni kama lugha ya barua. Barua ya Kiswahili haina kosa, lakini asiyejua Kiswahili hawezi kuisoma. Deki nayo ina lugha zake.

Sasa andikeni miundo mitatu.

Wa kwanza ni MP4. Simu nyingi hutoa muundo huu. Kompyuta huusoma, lakini deki nyingi za zamani haziujui.

Wa pili ni VCD, ulioanza mwaka 1993. Hutumia MPEG-1. CD moja huchukua dakika 74 hadi 80. Picha yake si safi sana.

Wa tatu ni DVD ya video, iliyoanza mwaka 1996. Hutumia MPEG-2. Deki za DVD zilitengenezwa kwa ajili ya muundo huu. DVD ya kawaida huchukua gigabaiti 4.7, yaani filamu ya saa mbili hivi kwa picha nzuri. Ukishindilia saa nne, picha itafifia.

Basi, kwa shangazi chagua muundo wa tatu. Lakini angalia: kunakili faili la MP4 katika DVD hakuligeuzi. Kubadili bahasha hakubadili lugha ya barua. Mwambie fundi aligeuze kwa programu ya kutengeneza DVD, na achague mfumo wa PAL, unaotumiwa na televisheni za zamani za Tanzania. Akimaliza kuchoma, aifunge DVD, ndipo deki nyingine ziweze kuisoma. Kisha ijaribu katika deki kabla ya kuituma.

Jambo la mwisho ni kubwa kuliko yote: usifute faili la kwanza. Kugeuza hupunguza picha. Video ya simu yenye nukta 1920 kwa 1080 hubaki na nukta 720 kwa 576, na kilichopotea hakirudi. Tena DVD hukwaruzika. Weka faili hilo katika flashi, na nakala nyingine mahali pengine. Harusi haifanywi mara ya pili kwa ajili ya picha.

Jibuni maswali haya:

1. Kwa nini deki yaweza kukataa DVD nzima?
2. DVD ya kawaida huchukua gigabaiti ngapi?
3. Kabla ya kuchoma, utamwuliza nini mtu utakayempelekea?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.